Kamba Isipokwama

Siku ya tatu baada ya kumzika Kuka, mimi ndiye niliyepewa daftari.

Nyumbani ni Buyangu, upande wa kaskazini wa Msitu wa Kakamega, pale miwa inapoishia na miti mikubwa inapoanza. Kwetu mtu akishazikwa, kazi haijaisha. Siku chache baadaye ukoo hukutana, jamaa za marehemu hunyolewa nywele, na mzee anayeongoza huuliza madeni mbele ya watu wote: nani anamdai marehemu, na marehemu alikuwa anamdai nani. Ni desturi ninayoiheshimu. Inayatoa mambo mchana, yasije yakasemwa usiku kwa minong'ono. Mimi nilipewa daftari kwa sababu ni mwalimu wa hisabati, na watu huamini kwamba mwalimu wa hisabati hakosei.

Tulikaa chini ya mparachichi. Jirani mmoja alisema alimpa Kuka mtamba amtunzie, na ndama wa kwanza hakuwahi kuzungumziwa. Fundi wa baiskeli alidai shilingi 300 za tyubu. Mwenye duka alileta karatasi ya sukari na mafuta ya taa. Kila dai lilisikizwa, wanawe wakachangishana, nikaandika, nikakata. Mwishowe mzee akageuka upande wa jikoni, ambako Senje alikuwa anatoka na sufuria ya chai.

"Na wewe, mwanangu? Una neno?"

"Mimi?" Senje akasimama. "Nimdai baba yangu nini?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha upole. Nikaandika: *Hakuna deni lingine.* Nikapiga mstari chini yake.

Sasa nieleze kile ambacho kila mtu chini ya mparachichi ule alikijua. Kuka aliugua miaka saba. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Wanawe wanne walikuwa na shughuli zao: mmoja Nairobi, mmoja Eldoret, wawili hapa hapa wakihangaika na miwa. Senje, binti yake pekee, alikuja kutoka kwa mumewe Lugari amtazame kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka saba. Huko Lugari mume alioa mwingine. Na wiki moja baada ya mkutano ule, shamba la Kuka lilipimwa kwa hatua vipande vinne, ikasemwa kwamba Senje ataendelea kukaa kwenye nyumba yake ndogo "kwa sasa."

Nikitafuta mtu mbaya katika habari hii simpati. Swali liliulizwa waziwazi. Mhusika mwenyewe alijibu. Mwandishi akaandika alichosikia. Basi kwa nini mstari ule niliopiga ulikuwa unaniwasha kila nilipofungua daftari?

Jibu nililipata mahali ambapo sikulitarajia. Nilisomea hisabati mjini Kakamega, na kuna somo moja ambalo sikulimaliza: topolojia ya aljebra. Usiku, baada ya kusahihisha, huwa nasoma kwenye simu kitabu cha Allen Hatcher, ambacho mwenyewe amekiweka bure kwenye intaneti. Nilikuwa nimefika sura ya nne, makundi ya homotopia ya juu. Naomba msomaji anivumilie kidogo; sitaandika fomula hata moja.

Chukua kamba. Simama msituni, funga ncha moja kwenye jiwe lililo miguuni pako, kisha tembea ukiilaza kamba chini mpaka urudi ulipoanzia. Sasa una kitanzi. Kivute taratibu kuelekea kwako, bila kuikata kamba wala kuiinua kutoka ardhini. Kama katikati hamna kitu, kamba yote itarudi mkononi. Lakini kama ulizunguka mti wa mukumu, itakwama. Huhitaji kuuona mti. Kule kukwama ni ushahidi tosha. Ukiuzunguka mara mbili, umekwama mara mbili. Ukirudi kinyume mara moja, umefuta mzunguko mmoja. Mwaka 1895 Mfaransa Henri Poincaré aliligeuza wazo hili kuwa hisabati kamili: vitanzi vinavyoweza kusogezwa mpaka vikalingana vinahesabiwa kuwa kitu kimoja, na vitanzi huunganishwa kimoja baada ya kingine. Mkusanyiko huo ukaitwa kundi la msingi. Ni njia ya kujua pengo bila kuingia ndani yake.

Sasa ilaze kamba hiyo hiyo juu ya mpira, kwenye ngozi yake tu. Hata ukiizungusha katikati kabisa, kama ikweta inavyoizunguka dunia, itateleza upande mmoja, itasinyaa, itarudi mkononi. Ukiulizwa utasema: nimezunguka kote, hakuna kitu. Lakini mpira ni mtupu ndani! Uwazi upo, mkubwa, nao ndio unaoufanya mpira uwe mpira. Kamba haikudanganya. Kamba ni nyembamba, basi.

Ili kuupata uwazi ule, unabadilisha chombo. Unachukua kitambaa chepesi kinachovutika, unaufunika mpira wote, halafu unakusanya kingo zote mahali pamoja kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Jaribu sasa kukivuta chote kiishie kwenye lile fundo, bila kukichana na bila kukiondoa juu ya mpira. Hakiji. Kimekwama. Ndiyo maana ya makundi ya homotopia ya juu: ngazi ya kwanza unauliza kwa kamba, ya pili kwa kitambaa, ya tatu kwa kitu ambacho macho hayana picha yake lakini hesabu inakiweza, na ngazi zinaendelea bila kikomo.

Wala si kwamba kitambaa ni bora kuliko kamba. Chukua tyubu ya baiskeli, kama ile ya shilingi 300. Kamba hukwama juu yake kwa njia mbili: ikizunguka tundu la katikati, na ikizunguka unene wa tyubu yenyewe. Lakini gunia la kitambaa, hata ulipange vipi juu ya tyubu, mwisho wake huteleza na kurudi lote, ingawa tyubu imejaa hewa. Kila chombo kina kile inachokipata na kile kinachokipita.

Nilipofika hapo niliizima simu. Niliona mparachichi, na mzee akizunguka na kamba yake. Swali "nani anadai?" ni kamba nzuri. Linakamata mtamba, linakamata tyubu, linakamata sukari. Yote hayo ni vitu vyenye ukingo: siku kilipotolewa, siku kilipotakiwa kurudi, bei yake. Lakini miaka saba ya Senje haikuwa na ukingo. Haikuwa kitu alichomkopesha babake ili kirudishwe. Ilikuwa pande zote, laini, bila pa kushika, na swali letu liliteleza juu yake likarudi mikononi mwetu tukiwa tumeridhika. Hata yeye mwenyewe aliupima kwa kamba ile ile tuliyompa, naye akaona hakuna. Nimdai baba yangu nini?

Msomaji wa sheria ataniambia kwamba hapa hapahitaji hisabati: Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamtambua binti kama mtoto sawa na mwana. Ni kweli, na baba zangu wadogo wanastahili kukumbushwa. Lakini tazama sheria nayo inauliza nini. Inauliza: nani ni mtoto wa marehemu? Watano wangejibu, na shamba lingegawanywa mara tano. Aliyemgeuza mzee kitandani miaka saba angepata sawasawa na aliyekuja Krismasi na mkate. Hiyo ni haki, na ni zaidi ya alichopewa. Hata hivyo ni kamba nyingine. Inakamata lile la kuwa mtoto. La miaka saba inalipita.

Kwa hiyo swali langu si la shamba peke yake. Ni hili: mtu akiuliza kwa uaminifu, akazunguka kote, asikwame popote, ana haki ya kusema "hakuna"?

Siku moja ya Jumamosi nilipanda Kilima cha Buyangu nikiwa na swali hilo. Kutoka juu, msitu unaonekana kama mgongo wa kitu kimoja kizima, kijani juu ya kijani, huku Mto Isiukhu ukiwa umefichika ndani yake. Hifadhi ya Taifa upande huu ilitangazwa mwaka 1985, na mtu akisimama pale juu atasema imehifadhika vizuri: hamna pengo. Lakini tembo hawamo tena humo. Wala hutaona kutoka juu mahali ambapo mti wa thamani uliibwa, kwa sababu mimea mingine hukimbilia mwanga na kuziba. Msitu unaweza kuwa na dari nzima na nyumba tupu. Anayetazama dari hasemi uongo akisema dari ni nzima. Uongo unaanza pale anaposhuka na kuandika: msitu uko sawa.

Hapo ndipo nilipoona tofauti niliyoiruka kwenye daftari. "Sikukwama" ni habari yangu na kamba yangu. "Hakuna" ni habari ya kitu chenyewe. Kutoka ya kwanza hadi ya pili kuna safari, na mimi niliiruka kwa kalamu, kwa mstari mmoja.

Hisabati yenyewe haikatazi kusema "hakuna." Mwaka 1949 Mwingereza J. H. C. Whitehead alithibitisha jambo ambalo napenda kulifikiria kama sheria ya unyenyekevu. Chukua umbo lililojengwa kwa vipande kwa utaratibu unaoeleweka, lililoungana lote. Kama ngazi zote, ya kwanza, ya pili, ya mia, zinarudi bila kukwama, basi umbo lile kweli linaweza kusinyaa lote likawa nukta. Halina siri. Unaweza kutangaza. Lakini angalia gharama ya tangazo hilo: ngazi *zote*. Moja haitoshi, hata kumi hazitoshi. Na tusidhani kwamba ngazi za juu ni za kupoteza muda. Mwaka 1931, mwaka ule ule dhahabu ilipopatikana Kakamega na wageni wakaanza kumiminika kuchimba mashimo, Heinz Hopf alionyesha kwamba ngazi ya tatu hukwama juu ya ngozi ya mpira wa kawaida, ngozi yenye vipimo viwili tu, mahali ambapo akili ingesema hakuna tena cha kukwamia. Mpaka leo hakuna mtu mwenye orodha kamili ya yote yanayokwama juu ya mpira huo katika ngazi zote. Mpira tu, wa kuchezea watoto.

Kama mpira una hayo, Senje je?

Najua pingamizi, maana nililisikia kwa mzee mwenyewe nilipokwenda kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna mukombero wake, akasema: "Mwalimu, mkutano usiokwisha si mkutano. Tukianza kuuliza kila mtu ameumia vipi, tutazikana tukiwa bado tumekaa." Ana haki. Ukoo unahitaji kufunga mambo. Mwenye tyubu anahitaji kwenda na 300 zake. Akaongeza la pili: kuna mpangilio wa kusema. Wana kwanza, kisha ndugu za marehemu, kisha majirani, wanawake baadaye. Senje angeanza yeye, ingeonekana anawashtaki kaka zake, na mambo yote yangeenda upande mwingine.

Hili la mpangilio lilinirudisha kwenye habari moja ya wanahisabati. Mwaka 1932, kwenye mkutano mkuu wa kimataifa mjini Zürich, Eduard Čech aliwasilisha wazo la makundi haya ya ngazi za juu. Wenzake wakamwonyesha kwamba makundi yake yana tabia moja: mpangilio haubadilishi kitu. Kwa kamba, kuzunguka mti huu kwanza kisha ule si sawa na kuanza na ule. Zinatoka kamba mbili tofauti. Kwa kitambaa, lolote likitangulia matokeo ni yale yale. Wakaona basi ni wazo maskini, rahisi mno, haliwezi kuwa na jipya. Čech akaliacha, kwenye kumbukumbu za mkutano kikabaki kipande kifupi tu. Miaka mitatu baadaye, 1935, Witold Hurewicz alianza kuchapisha makala yaliyolifufua, na likawa moja ya mihimili ya somo zima.

Ni kwa nini mpangilio haubadilishi kitu katika ngazi za juu? Kila mtu wa Buyangu anaweza kulieleza. Kwenye kijia chembamba cha msituni, watu wawili waliobeba kuni kichwani hawawezi kupishana. Aliye mbele ni wa mbele mpaka mwisho. Wakitokea uwanjani, anayetaka kupita anapita, wala hakuna anayeangusha mzigo wa mwenzake. Walichokiona wale mabwana kuwa umaskini kilikuwa nafasi. Ndivyo nilivyomjibu mzee: labda tunaogopa nani aanze kusema kwa sababu tumewaweka watu wote kwenye kijia. Hajakubali. Lakini hakunifukuza.

Kwa hiyo nikaenda kwa Senje. Sikwenda na swali lile la zamani. Nilikuwa nimejifunza angalau hilo, kwamba nikimwuliza tena anadai nini atacheka na kunitilia chai. Nilimwambia, "Senje, nieleze siku moja tu ya kawaida. Siku yoyote ya miaka ile. Kuanzia ulipoamka."

Akaniangalia kama anayepima kama nina homa. Kisha akaanza. Saa kumi alfajiri, kumgeuza, ili ngozi isichubuke. Kuwasha moto. Uji, kijiko kwa kijiko, kwa sababu upande mmoja wa mdomo ulikuwa unamwaga. Mashuka kijitoni. Kumgeuza tena. Kumtoa juani, kumrudisha mvua ikianza. Alisimulia bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja vituo vya matatu. Mimi nilikuwa naandika, na kwa mara ya kwanza sikuwa natafuta pa kukata.

Kisha akanyamaza, akasema, "Mwaka wa tatu akaanza kuniita kwa jina la mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa naitika." Akachochea moto. "Mwanzoni nilimwambia, baba, mimi ni binti yako. Akalia siku nzima, maana ndiyo kwanza anasikia kwamba mama alikufa. Kesho yake akaniita tena. Nikaitika. Miaka minne, mwanangu, sijaitwa jina langu humu ndani. Sasa hilo ungeliandika wapi kwenye daftari lako?"

Sikuwa na pa kuliandika. Nililiandika hivyo hivyo, chini ya mstari.

Sitaki kujifanya kwamba kuna hesabu ya kulilipa. Pengine hakuna. Kujua kwamba uwazi upo si kuujaza, na nadhani Senje hakutaka ujazwe. Wala sisemi kila boma lina pango lililofichwa na kila anayecheka jikoni analia ndani. Yapo mawe yaliyojaa mpaka katikati. Ninachosema ni kidogo zaidi. Mkutano unaweza kufungwa bila jambo kufungwa. Mwandishi anaweza kumpa mwenye tyubu pesa zake na bado akaandika ukweli wa alichofanya: tuliuliza hivi, kwa swali hili hatukukwama. Ni sentensi ndefu kuliko "hakuna," na haipendezi sana masikioni. Lakini inamwachia mwingine mlango wa kuja na kitambaa.

Krismasi, wana wote wanne walipokuwa nyumbani, nilimwomba Senje ruhusa, nikasoma ukurasa ule chini ya mparachichi. Nilisoma siku moja tu, kuanzia saa kumi alfajiri. Nilipofika pale pa jina, baba mdogo wa Nairobi aliinuka, akaenda kukaa karibu na banda la kuku, akakaa huko muda mrefu. Habari ya shamba bado tunaizungumza. Haijawa nyepesi, na sijui itaishia wapi. Ila neno "kwa sasa" halijatamkwa tena.

Na kwenye daftari, mstari ule wa kwanza sikuufuta. Niliongeza neno moja mwanzoni, kwa kalamu nyingine, ili atakayesoma aone kwamba liliongezwa baadaye. Sasa panasomeka: *Hatujaona. Hakuna deni lingine.* Najua sentensi mbili hizo hazielewani. Nimeziacha hivyo, zisomwe zote.